Jaketi la Mbwa wa Gati

Juzi hapa Webuye muuza mitumba alifungua belo, na kabla sijaona kitu harufu ikanifikia: ngozi kuukuu iliyopigwa jua, jasho la mtu nisiyemjua, na chuma. Muuzaji akacheka, "Sista, hilo ni la mwanamume." Nikamwambia afunge tu, maneno mengi ya nini. Sasa ngojeni niwaeleze ninyi kwa nini mwanamke mzima, tena wa kwaya, alibeba nyumbani jaketi jeusi lenye njumu za chuma mabegani.

Nililelewa Jeddah, mtaa wa Mahjar, kwenye chumba kimoja cha orofa ya juu. Mama alimtoroka kafili wake, mwajiri aliyeshika karatasi zake, huko Riyadh nikiwa tumboni. Mengine ya hapo hajawahi kunieleza, nami niliacha kuuliza. Hakuwa na ikama, kibali cha kuishi kule, na mimi sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba nimezaliwa. Asubuhi alikwenda mtaa wa Rawdah kufanya vibarua vya usafi pamoja na Auntie Agneta, mwenzake wa chumba, na wakitoka walifunga mlango kwa kufuli kutoka nje, ili wakaguzi wakipita waone hapana mtu. Wengi wasio na karatasi walifanya hivyo. Ndani nilibaki mimi, na sheria ilikuwa moja: kimya. Sikuvaa viatu. Maji niliyamimina polepole kando ya ndoo. Nikikohoa, nilikohoa ndani ya mto. Nilijua kucheka bila sauti kabla sijajua kusoma, na haki ya Mungu, nilijiona fundi.

Chumba chenyewe kilipangwa kwa ikama ya Anko Wanjala, maana asiye na karatasi hapangishwi. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa jirani wa kwetu huku Webuye, dereva wa nyumba ya bosi mmoja Riyadh. Bosi akija Jeddah na familia yake, Anko alipita kwetu na mkate, maziwa na maneno mengi.

Siku moja alikuja na jaketi. Mwana wa bosi alikuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza akiwa amelivaa, baba yake akaliangalia mara moja tu, akamwambia Anko, "Yalla, katupe." Anko hakutupa. Mgongoni palikuwa na mbwa mwenye mnyororo uliokatika, amechorwa kwa rangi nyeupe na mkono usiojua kuchora. Hiyo, alisema, ni alama ya bendi ya mtaani ya Waingereza, na jina lao kwa Kiswahili ni kama Mbwa wa Gati. Safari ya Riyadh hadi Jeddah ni ya mchana kutwa, jangwa kushoto jangwa kulia, na kijana alikuwa amemhadithia yote.

Naye akanihadithia mimi. Walikuwa vijana wanne wa mtaa wa bandarini. Gati lilifungwa, baba zao wakabaki wamekaa vibarazani, kazi mafi, yaani hakuna. Hawakujua kupiga vyombo, wakavipiga hivyo hivyo. Kwa kuwa hakuna aliyewatazama, wakavaa vitu ambavyo hutaacha kuvitazama: suruali za mirabaraba, buti za kamba hadi gotini, pini za nepi masikioni, njumu walizozipigilia wenyewe kwa nyundo. Mwimbaji alinyoa kichwa pande zote mbili, akabakiza kishungi katikati, akakipaka rangi nyekundu na kukisimamisha kwa sabuni ya kipande. Baadaye mpiga ngoma alikufa, wengine wakaoa, wakaacha. Mwimbaji peke yake aliendelea. "Sasa ana kitambi kushinda bosi wangu," Anko alisema, "lakini kishungi bado kimesimama!"

Alinipaka sabuni kichwani, akanisimamishia changu. Mama alicheka mpaka akaziba mdomo kwa leso. Kisha Anko akanitia waya masikioni, akafungulia wimbo kwenye simu. Weee! Sikuelewa neno hata moja. Nilielewa tu kwamba kulikuwa na mtu mzima duniani anapiga kelele na hakuna anayemnyamazisha. Nikafungua mdomo nikapiga kelele pamoja naye, bila sauti, mishipa ya shingo imenitoka, jaketi likiburuta sakafuni. Jaketi aliniachia. Na kwenye simu ya Mama, mbele ya namba yake, akaweka picha ya jogoo ili nisiyejua kusoma niitambue.

Mama aliugua kifua wakati wa joto. Asubuhi moja hakuweza kuamka, Auntie Agneta akamwachia dawa na simu, akafunga kufuli kama kawaida, akaenda kazini. Ilipofika adhuhuri Mama alikuwa anavuta pumzi kwa shida, inakwaruza, na midomo imegeuka rangi ya jivu. Nilimwita kwa mnong'ono. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunitazama. Auntie simu yake ilikuwa imezimwa, madam wake hakutaka simu kazini. Nikabonyeza jogoo.

"Anko, Mama hapumui vizuri."

Alinihoji haraka haraka: midomo ikoje, anaitika, mlango una kufuli? Nikamjibu. Halafu akanyamaza. Nikasikia indiketa ya gari la bosi, tik, tik, tik. Nikasema haloo, haloo, nikidhani mtandao umekatika.

"Nekesa," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya mkate na maziwa. "Piga kelele, mwanangu. Kama yule wa kishungi. Lakini leo tia sauti."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilivaa jaketi, nikasimama mlangoni, nikafungua mdomo, na mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili sauti ikatoka. Nilipiga kelele mpaka Myemeni wa duka la chini akavunja kufuli kwa nondo, ikaja ambulensi, na nyuma ya ambulensi wakaja polisi.

Mama alipona. Kutoka hospitali tulipelekwa kizuizini, kutoka kizuizini tukapandishwa ndege ya kurudi kwetu na nguo tulizovaa tu. Jaketi lilibaki langoni mwa kizuizi, halas, basi. Anko walimfuata Riyadh kwa jina lililokuwa kwenye mkataba wa chumba. Alifungwa kwa kuwaficha watu, kisha akarudishwa na mfuko wa plastiki mkononi. Watoto wake walikuwa wameacha shule, mkewe ameondoka. Sasa anaishi kwenye chumba nyuma ya nyumba ya dada yake, kichwa kipara.

Ndiko nilikolipeleka jaketi la mitumba. Halikuwa na mbwa mgongoni, lakini alilivaa papo hapo na joto lote lile, akacheka. Nikapata ujasiri wa kumuuliza. "Anko, siku ile kwenye simu, ulinyamaza. Ulikuwa unafikiria nini?"

Alichezea njumu moja ya begani.

"Mtandao tu, Nekesa. Riyadh siku zile mtandao ulikuwa unasumbua."

Nikamwambia ndiyo, Anko, ulikuwa unasumbua kweli. Sikumwambia kwamba indiketa niliisikia muda wote.