Tangi Limejaa, Simu Inalia

Leo sokoni Kikima Mama Kavata ameniuliza, mbele ya watu, kama bado natengeneza simu za uongo.

Nimechoka, jamani. Hayo ni mambo ya miaka ya tisini!

Wakati huo nilikuwa fundi. Nilifunga mashine ya kupiga simu yenyewe maji yakipungua kwenye tangi la mlimani. Simu ilikuwa inalia dukani kwake, na ni yeye alikuwa anapanda kuangalia.

Sasa, ile waya ya kupima maji ndani ya tangi niliiseti kinyume. Tangi likijaa, mashine inasema maji yameisha.

Siku ya kwanza alipanda mara nne.

Nilipofika jioni nilimkuta amekaa juu ya gunia, viatu vimejaa vumbi.

"Fundi, ni mashine inadanganya ama ni wewe?"

Nilikuwa nimeshapanga kulaumu stima. Nikamwangalia miguu.

"Ni mimi, mama."

Hakunigombeza. Alisimama polepole, akasema, "Basi twende wote."

Tukapanda. Kule juu akafungua bomba, akajaza kikombe, akanipa mimi kwanza.

Nilikunywa nikiangalia chini.

Heri angenitukana. Ama nyinyi mnaonaje?