Kura Ndani ya Mwanzi

Nilimwahidi mama yangu kwamba dada yangu atakuwa mwanamke wa mwisho wa mlima wetu kufia njiani. Nilisema hivyo katika shamba la maharage, siku chache baada ya mazishi, nikiwa bado nimevaa nguo za koleji. Dada, akiwa na uchungu wa kuzaa, alikuwa amebebwa tangu alfajiri kwa kipoyi, ile machela ya mianzi inayochukuliwa na wanaume wanne mabegani, kuelekea hospitali ya Masisi. Mvua ilikuwa imeulainisha udongo. Wabebaji walipumzika mara nyingi, na mara ya mwisho hawakuwa na sababu ya kumwinua tena. Mama aliendelea kung'oa magugu mpaka mwisho wa tuta, kisha akaniambia nikabadilishe viatu.

Ulikuwa mwisho wa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi kutoka koleji, kusini mwa ziwa, nikashuka mashuani Bweremana na kupanda milima kwa miguu, na sanduku la vitabu kichwani. Nilipata kazi ya ukarani katika ofisi ya sheferi, yaani utawala wa chifu wetu. Tangu siku ile watu wa mlima walinyamaza kila nilipopita. Karani ni mtu wa kodi. Vijana niliocheza nao zamani walinywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nyuma ya nyumba, nami nilisikia vicheko vyao vikikatika hatua zangu zilipokaribia. Ofisini nako makarani wa zamani waliniona mtoto mwenye maneno mengi. Kwa hiyo nilikula peke yangu, nikasoma peke yangu, nikaikumbuka ahadi yangu peke yangu.

Kazi yangu ilikuwa kunakili maamuzi ya baraza. Katika kunakili nikajua jambo ambalo wakulima wetu hawakuwahi kuambiwa: sheferi ilikuwa na deni. Ilikopa ili kujenga jumba la baraza lenye paa la mabati na kununua lori. Lori lilikufa kabla mkopo haujalipwa, nasi tukaendelea kulilipia likiwa limeota majani kando ya barabara. Kila mwaka sehemu ya kodi iliondoka kwanza kwa ajili ya deni. Kilichobaki hakikutosha kujenga hata chumba kimoja cha kuzalia.

Ndipo likaja tangazo kwamba wanaume watachagua wajumbe wa baraza. Wanawake hawakutajwa. Wawili walikitaka kiti cha upande wetu. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa ndizi na mihogo. Alisema kodi itakwisha siku moja baada ya uchaguzi, na deni ni la Wazungu, watalipa wenyewe wakienda kwao. Wa pili alikuwa katekista, mkulima kama sisi. Yeye alisema kodi itabaki, jumba la baraza halitaongezwa hata dirisha, deni litalipwa, na kitakachosalia kitajenga materniti ya udongo, nyumba ya kuzalia, kwenye mlima wetu. Baba zangu wakubwa na wadogo walimsikiliza katekista kwa heshima, wakampigia makofi mfanyabiashara.

Wakubwa walikuwa wametukataza makarani kumtaja mgombea yeyote. Hawakutukataza kueleza deni ni nini. Basi kila Jumapili baada ya sala nilisimama mbele ya kanisa nikaeleza. Nilieleza mkopo, riba, na jinsi serikali isivyoweza kutoa mara mbili kitu kilekile. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na watu walikuwa wanaondoka. Mzee mmoja aliniuliza kama hiyo deni iko na miguu ngapi, maana aliona inatembea kila mahali mimi niliko. Mwingine alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto huyu amesoma miaka yote ile ili aje kutuambia hapana.

Aliyeniokoa ni mama. Jumapili ya tatu aliuliza kutoka upande wa wanawake, bila kusimama:

"Hiyo deni, tulikulaka nini?"

"Tulikula mabati, mama. Na lori."

Baba mkubwa wangu, kaka wa marehemu baba, alitikisa kichwa. "Basi tuliyakula bila chumvi."

Walicheka, na kwa mara ya kwanza walikaa. Waliniuliza maswali mpaka jua likawa kali. Kabla ya mwezi kwisha wanaume wa mlima wetu walikuwa wamekubaliana, nyumba kwa nyumba, kwamba watachagua nyumba ya kuzalia na kodi yake. Baba mkubwa alikuwa mmoja wa wale wanne waliombeba dada. Aliniambia atatangulia kwenye mstari.

Lakini karani hakuruhusiwa kusimamia kura kwao. Nilipelekwa Kibua, katika Walikale, mwendo wa siku mbili kutoka milimani mpaka msituni. Nililala katika kibanda ambacho mvua ya mitini iliendelea kukidondokea hata mbingu zilipokuwa zimenyamaza. Sikujua lugha ya watu wa pale, na Kiswahili chao kilikuwa kifupi kwangu kama changu kwao. Nilitamani kuona mbali, kama tunavyoona kwetu, na kila upande palikuwa na miti tu.

Siku ya kura tuliweka meza barazani, palepale kodi ilipokuwa ikitozwa. Asiyejua kusoma alininong'oneza jina, mimi nikaliandika, nikaikunja karatasi na kumrudishia, naye alipaswa kuitia katika sanduku lililo mlangoni. Mtu wa kwanza alikuwa mzee mwembamba. Alipokea karatasi yake kwa mikono miwili, akashukuru, akatoa mfukoni kipande cha mwanzi chenye kizibo cha kitambaa, akaichomeka ndani na kuanza kushuka ngazi.

Nilimwita. "Papa, hiyo karatasi unaitia mu sanduku."

Alinitazama kama mtu anayetegwa. "Karatasi ya Leta, muntu anairudisha? Kesho polisi akiniuliza, nitamuonyesha nini?"

Leta ni Serikali. Nilielewa papo hapo. Maisha yake yote mzee yule alikuwa amepanga mstari mbele ya baraza ile, akapewa karatasi na karani, na karatasi hiyo ya kodi ndiyo iliyomkinga na kamba ya polisi. Aliyeipoteza alifungwa. Kwetu pia kila nyumba ina mwanzi wake, umening'inizwa juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasile karatasi. Nilikulia chini ya mwanzi wa baba. Nilikuwa nimewafundisha watu wangu riba, na sikuwaambia karatasi inawekwa wapi.

Mkuu wa kituo aliniamuru niketi. Niliketi, na kwa kila mtu aliyefuata nilionyesha sanduku kwa kidole. Kibua hapakupotea kura hata moja, hata ya mzee yule. Saa ileile, mbali nami siku mbili, wanaume wa mlima wetu walikuwa wanashuka ngazi nyingine, na mlinzi wa sanduku, nilivyoambiwa baadaye, alikuwa amekatazwa kusema na yeyote kuhusu karatasi yake.

Nilipofika nyumbani baba mkubwa alikuwa ananingoja njiani. Alifungua mwanzi wake mbele yangu, akaitoa karatasi iliyokunjwa vizuri, jina la katekista likiwa ndani.

"Niliichunga," alisema. "Materniti itaanza lini?"

Nilimjibu jioni, mbele ya wenzake, nikiwa nimesimama: karatasi isiyotiwa sandukuni haikuhesabiwa. Hakuna aliyenitukana. Walizikunja karatasi zao tena, wakaondoka mmoja mmoja. Katekista alishindwa kwa kura tisa. Katika nyumba nilizoingia mimi mwenyewe niliona kura zake kumi na moja juu ya moshi.

Kodi haikwisha siku iliyofuata. Jumba la baraza liliongezewa chumba, kwa mkopo mpya, nami nikaunakili uamuzi huo kwa mkono wangu.

Nilimwomba mama msamaha shambani, mahali nilipomwahidi.

"Mimi hawakunipatia karatasi," alisema. "Wangenipatia, na mimi ningeiweka mu mwanzi."

Kisha akanionyesha tuta ambalo halijapaliliwa.

Wewe unayesoma haya unajua kusoma. Uchaguzi mwingine utakuja. Kabla haujafika, nenda kwa mzee mmoja wa kwenu, umwulize atakapopewa karatasi ataiweka wapi, na umngoje ajibu.