Nyota ya Mzee Motaleb

Nilufar Khatun alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sote ofisini: hafuti kitu kabla hajakitazama. Kwa miaka kumi na mmoja alitunza kompyuta kuu ya hifadhi yetu ya nyimbo hapa mjini Sunamganj. Kompyuta hiyo haina kipanya wala picha. Unaandika amri, inatii. Alishafuta mafaili yenye majina ya kila aina ya ukorofi: jina lenye nafasi katikati, ambalo mashine hulisoma kama majina mawili, na lenye kuanza na kistari, ambalo mashine hudhani ni agizo. Hulitangulizia nukta na mkwaju, akalifunga kwa alama za kunukuu, likaondoka.

"Jina halina kosa," husema, "mwenye kosa ni mwenye haraka."

Haraka tulikuwa nayo sisi. Alhamisi ile diski ilijaa, na Bibi Komola, mwimbaji wa nyimbo za harusi aliyebaki peke yake katika rika lake, alikuwa ameshaketi studio akingoja kurekodiwa, akitafuna tambuu.

Sasa, Mzee Motaleb. Huyu alitunza kanda tangu zama za kanda. Kanda mbovu aliichora nyota kwa chaki, maana yake ifutwe irekodiwe upya. Tulipompa kompyuta akafungua folda, akaiita nyota tupu, *, akawa anatupia humo kila kibovu. Nani amlaumu? Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Lakini kwa mashine nyota ni "kila kilichopo hapa", na kilichokuwepo ni nyimbo elfu sita.

Tofael, meneja wetu, aliketi mwenyewe kwenye kibodi kuifuta folda ile. Akaandika rm -r, amri ya kufuta, akaweka nyota mbele yake. Kidole kilikuwa kinashuka Nilufar alipomdaka mkono.

"We! Unataka kutuzika?"

"Dada, si mzee mwenyewe kasema ni takataka?"

"Unachoma nyumba kwa ajili ya pipa. Hebu inuka hapo."

Tofael akainuka. Nilufar akafuta ule mstari, akaandika: rm -ri './*', ili nyota isomwe kama jina tu. Ile i huifanya mashine iulize faili moja moja. Tofael akaguna, "Tutalala hapa leo."

Nifute hili? Ndiyo. Nifute hili? Ndiyo. Yalishapita arobaini na kitu, likaja lililoitwa Jahanara. Nilufar akasita. Jahanara alikuwa marehemu mke wa Mzee Motaleb.

"Mzee, na hili?" akamwuliza Motaleb, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Bovu. Alikohoa katikati ya ubeti. Bosi wetu wa zamani hakutaka kusikia kikohozi."

"Mbona kanda yake hukuifuta?"

Mzee akajifanya anatafuta kikopo chake cha chokaa ya tambuu. Kwa miaka thelathini na miwili kanda ile ilikaa juu ya kabati na nyota yake, hadi tulipoinakili kwenye kompyuta. Lebo niliiandika mimi, na sikuwahi kuuliza.

"Kuna nyingine yenye sauti yake?"

"Hakuna. Baada ya kikohozi kile hakuimba tena."

Mashine ilikuwa bado inangoja jibu.

"Mwanangu," mzee akasema, "ukiiambia hapana, inakasirika?"

"Haikasiriki, baba."

"Basi iambie hapana."

Nilufar akabonyeza n, yaani hapana. Yaliyobaki yakafutwa, nafasi ikapatikana, na Bibi Komola aliimba hadi alasiri. Folda yenyewe haikuondoka, kwa sababu mashine haiondoi folda ambayo si tupu. Nilufar angeweza kuibadilisha jina. Mzee akakataa, akasema ndilo jina lake. Basi Nilufar akabandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta: NYOTA ISIGUSWE.

Siku hizi mzee huja kila Alhamisi kuusikiliza wimbo ule. Anapofika penye kikohozi, huongeza sauti.