Mlima wa Mama Mkwe Sebuleni

Mama mkwe aliteremka kutoka milima ya Usambara akaja kwetu Pongwe kumsubiri mjukuu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa, na mimi, mwalimu wa hesabu na jiografia, hata kumfunga mtoto nepi sijui. Bila yule mama tungekwisha.

Siku ya pili tu, maharage yakamwaibisha. Kwao jua huchelewa, maana lazima kwanza liparamie mlima. Likichungulia, yeye hubandika sufuria, na mchana maharage yameiva. Huku kwetu jua halina cha kuparamia. Akabandika mapema mno, akaenda kujinyoosha kidogo. Kurudi, uji!

"Maharage gani haya yasiyo na adabu?" akafoka.

Mke wangu, tumbo mbele, akacheka. Lo, alikoroga mambo! Mama akafungasha begi, akalitua sebuleni karibu na mlango. "Tafuteni anayejua kupika."

Wallahi nililowa jasho. Heshima hairuhusu kumkazia macho mama mkwe, basi nikachuchumaa na chaki yangu, nikazungumza na sakafu.

"Mama, hii ni pembetatu. Kitako chake ni usawa wa bahari, ndipo tulipo sisi. Mstari huu uliosimama wima ni kimo, na kileleni ni nyumbani kwako. Huko juu hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana maharage huchelewa. Hata jua, kimo chake hupimwa kuanzia upeo wa macho, na upeo wako wewe umezibwa na mlima mwingine. Kosa si lako, mama. Ni la mwinuko."

Nikaona kivuli chake kimeinama juu ya mchoro.

"Kwetu ndiyo hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Pafupi hivyo?"

Nikaurefusha mstari.

"Bado."

Nikarefusha tena, natambaa kwa magoti kama huyo mtoto tunayemngoja, mpaka chaki ikagota kwenye begi.

"Mbona umesimama? Hapo hata Soni hujafika."

"Begi limezuia, mama."

Akashusha pumzi. Akalibeba begi mwenyewe, akalirudisha chumbani, kisha akaja kusimama nyuma yangu.

"Haya," akasema, "panda."