Nilisafisha Jina Langu kwa Mzigo wa Mwenzangu

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema, maana najua mnaosoma ukurasa huu huwa mnaanza kwa kumtafuta mume mlevi au jirani mchawi. Hakuna! Ni mimi, mama wa mtoto mmoja, kidato cha nne nilimaliza, akili ninazo, na haya niliyafanya macho makavu.

Nina hasira. Yupo mtu mmoja nitamsema humu, lakini yeye ni robo tu. Robo tatu ni zangu.

Nilikuwa nauza nguo Mwanza. Miaka ile kila mwenye kifremu alikuwa anakimbilia Guangzhou, nami nikaenda, binti yangu wa miezi minane mgongoni. Mzigo nilichukulia Shahe, kwenye yale majengo ya nguo za bei ya chini, kwa laoban mmoja wa jinzi. Laoban ni tajiri mwenye duka, ndivyo wote tulivyowaita. Safari ya nne akaanza kunipa mali kauli: lipa nusu, nusu utaleta ukirudi. Hakuna hati ya nyumba, hakuna mdhamini. Ananiamini!

Wewe uliyeko nyumbani unaweza usielewe hilo. Kule benki haikujui. Benki yako ni jina lako kwa laoban. Ukilipa kwa wakati, safari ijayo anakuongezea. Ukichelewa, hata kigoda cha kukalia hupewi.

Nami nikachelewa.

Nilibeba jinzi bila kukagua saizi. Kumbe zote zilikuwa za viuno vya wasichana wa kule! Wanawake wa Mwanza wana mapaja, Bwana asifiwe. Jinzi zikawa zinaishia magotini. Mteja mmoja alinirushia yake akasema, "Mama, hii mvalishe huyo mwanao wa mgongoni." Zikalala dukani.

Niliporudi Guangzhou mkononi nina nusu ya nilichokuwa nadaiwa. Laoban wa Shahe hakufoka. Alipokea, akatikisa kichwa, akasema "meiyou", yaani hakuna, akaendelea kula wali wake. Jinzi zimejaa mpaka darini, mtu ananiambia hakuna!

Nikaenda kukaa kwenye mgahawa mmoja barabara ya Huanshi Zhonglu, machozi yananitoka mbele za watu. Ndipo akaja huyu ninayetaka kumsema. Nitamwita Beni. Mkongo wa Lubumbashi, wakala, kazi yake kupeleka wateja madukani akapata kamisheni yake.

"Mama, unalia juu ya nini? Supu inapola!"

Nikamweleza. Akacheka.

"Mukopo haiko kitu ya kulilia, mama. Mukopo tunahamisha. Voilà!"

Akanipa somo huku anachambua samaki. Tafuta duka lingine ambako hawakujui. Chukua mali kauli ya miezi mitatu, wageni hawatozwi riba kwa miezi hiyo. Mali yenyewe usiisafirishe, wauzie hapahapa wafanyabiashara wenzako kwa hasara kidogo, upate taslimu. Taslimu mpelekee laoban wa Shahe, mmalizie. Atakuona mtu wa maana, atakupa mara mbili. Mzigo huo ukiuzika, unalipa lile duka jipya. Jina limepanda sehemu mbili!

Nikamuuliza, "Na usipouzika?"

"Mama, wewe uko mufanyabiashara ao uko nabii?"

Nikacheka. Nilicheka jamani, na mtoto naye mgongoni akacheka!

Ila kulikuwa na kikwazo. Duka lisilokujua halikupi mali kauli kwa sura yako. Lazima ushikwe mkono: mteja wao wa siku nyingi akulete, aseme huyu ni wangu. Ukikimbia, anabanwa yeye. Hiyo ndiyo desturi, hakuna asiyeijua.

Nami nilikuwa na mtu wa kunishika mkono. Nitamwita Dada Ester, wa Iringa, kanizidi miaka kumi na kitu. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. Safari yangu ya kwanza mtoto alishikwa na homa, mimi nimechanganyikiwa, ni yeye aliyembeba mpaka hospitali akasimama foleni, siku nzima hakununua hata soksi. Alikuwa mteja wa mama mmoja wa magauni kule soko la nguo la Shisanhang, miaka mingi, hajawahi kuchelewesha hata siku moja.

Nikamwambia nataka kujaribu magauni.

Akaniangalia. "Mdogo wangu, Shahe umemaliza? Huna deni?"

"Sina, dada."

Neno moja tu! Nalisikia mpaka leo.

"Sawa. Lakini ujue mimi sina nyumba wala gari. Nina jina tu. Ukilichezea, umenivua nguo."

"Dada Ester, nakuchezea nini mimi?"

Tukaenda Shisanhang. Yule mama wa dukani, ambaye alikuwa ameokota Kiswahili cha wateja, alimkumbatia Ester, akambana mwanangu mashavu. Ester akaweka mkono begani kwangu akasema, "Huyu mdogo wangu." Yule mama akaniandika ukurasa uleule wa Ester, chini ya jina lake.

Nikachukua magauni. Siku mbili nikayauza yote kwa wenzangu, wengine walinishangaa, wakadhani nimeyaiba. Nikaenda Shahe nikamlipa laoban mpaka senti ya mwisho. Loo! Kigoda kikaja. Chai ikaja. "Pengyou, pengyou!" Sasa nimekuwa rafiki. Akanipa jinzi mara mbili ya zamani, na safari hii saizi nilizikagua mwenyewe.

Nilirudi Mwanza najiona mjanja.

Na jinzi zikauzika! Hapo ndipo dhambi yangu haina pa kujificha. Ningeshindwa kuuza, ningesema bahati mbaya. Ziliuzika. Miezi mitatu ilipotimia nilikuwa na pesa ya Shisanhang mkononi, yote. Nikaishika, nikawaza. Yule mama wa magauni ataninyima nini, na sina mpango naye tena? Laoban wa Shahe nikimpelekea pesa hii mapema, atanipa mara tatu. Shisanhang watasubiri kidogo.

Nikaituma Shahe, mwenyewe nimebaki Mwanza.

Dada Ester alikuwa Guangzhou wakati huo, anafunga mzigo wa Desemba. Akapiga simu. Nikaona namba ya China, nikaiacha iite. Akapiga tena. Nikaizima. Akatuma ujumbe: "Mdogo wangu, mama wa duka ameuzuia mzigo wangu. Niambie tu utalipa siku gani, nimwambie."

Siku tu! Hakuomba pesa, aliomba siku.

Nikamjibu, "Mtandao mbovu dada, nitakupigia." Sikupiga. Na ujumbe uliofuata sikuufungua.

Niliyakuta yaliyobaki niliporudi Guangzhou, miezi miwili baadaye. Dhamira ilikuwa imeanza kuniuma, kwa hiyo nilianzia Shisanhang, pesa nimeifunga kwenye khanga. Yule mama aliponiona akatabasamu, akamvutia mwanangu kigoda. Nikaweka pesa mezani. Akairudisha kwa vidole viwili.

"Meiyou. Wewe deni hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Rafiki yako lipa. Magauni yake mimi uza. Wewe sawa! Wewe chukua tena?"

Akageuza daftari nione. Ule mstari wangu umefutwa vizuri kwa rula. Nilikuwa mteja safi! Ananipa mali kauli nyingine, anachagua na rangi kabisa! Magauni ya mwenzangu, aliyoyalipia taslimu, yameuzwa ili mimi niwe safi.

Nilimtafuta Beni kwenye ule mgahawa nikamvaa mbele za watu. Nilimwita mwizi, nilimwita shetani. Akafuta mdomo taratibu.

"Mama, mimi nilikuambia uhamishe. Mimi nilikuambia usilipe?"

Ni kweli, hakuniambia hivyo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mtasema nimlipe magauni yaishe, biashara ndiyo hiyo. Sikilizeni basi niliyoambiwa na wafanyabiashara wenzetu. Magauni yale hayakuwa ya kutundika dukani. Kina mama wa kanisani kwake walimchangia pesa mapema: sare za kwaya, na nguo za wasimamizi wa harusi mbili za Desemba. Ester alikaa Guangzhou akibembeleza duka na kunipigia simu mpaka siku za visa zikamwishia, na mwaka ule, kwa sababu ya ile michezo ya Olimpiki iliyofanyika kule China, kuongezewa siku ilikuwa ndoto. Akapanda ndege na begi la mkononi. Harusi zikafungwa kwa nguo za kuazima.

Nilipanda basi mpaka Iringa, mtoto mapajani. Pesa yote nimebeba, na juu yake nimeongeza.

Nilimkuta uani anafua. Ile fremu yake ya duka alishaiuza kuwarudishia wenye pesa zao. Nikasema, "Shikamoo dada." Akaitika marahaba. Akamchukua mwanangu, akamnywesha uji, akamfuta pua, akamkalisha kando, akaendelea kufua. Mimi sikuambiwa karibu.

Nikapiga magoti, nikamwekea bahasha. Nikasema kila kitu, hata ile pesa ya Shisanhang niliyoituma Shahe. Hapo tu ndipo alipoacha kufua.

Akaifungua, akatazama.

"Hizi ni za magauni."

"Na nyingine juu, dada. Za usumbufu."

"Za magauni nimezipokea. Kina mama wananiita tapeli mpaka sokoni, watoto wangu wanayasikia. Za hayo umeleta ngapi?"

Nikalia. Akanirudishia ile ya juu, akanipa na mtoto wangu.

"Basi la mwisho ni saa tisa," akasema. "Usimcheleweshe mtoto." Akarudi kwenye beseni lake.

Tangu siku hiyo nimepiga simu mara nyingi. Sasa ni yeye anayeiacha iite.

Leo kule Guangzhou maduka mawili yananiita rafiki. Ninaweza kuchukua mzigo wa kujaza nusu kontena bila kutoa hata yuani moja. Sijachukua. Kila nikitaka kuchukua, yule mama wa magauni ananiuliza yuko wapi Ester.

Wewe unayetafuta pa kuhamishia deni lako ili uonekane msafi, fanya, sikuzuii. Lakini kama una ubavu huo, mhamishie adui yako. Usimhamishie mtu aliyebeba mwanao akiwa na homa. Mpigie simu leo, mwambie siku. Hata kama siku yenyewe ni mbali, mwambie siku!