Filamu Aliyoimalizia kwa Mdomo

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne, nikiwa jikoni nachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Binti yake alinipigia simu kutoka Kimanga, mtaa wetu wa zamani: "Papa ametuacha leo asubuhi. Alikuwa anakutajaka." Wasomaji wangu mnaonifuata kila wiki hamkumjua, kwani hakuwa mtu wa vyeo. Alikuwa na chumba kimoja cha video pale Uvira, chenye mabenchi sita, televisheni yenye mgongo mkubwa na jenereta iliyounguruma nyuma ya nyumba. Sisi watoto wa mtaa tulimwita Mfasiri. Filamu zilikuwa za Kiingereza, naye alisimama kando ya televisheni akitugeuzia kila neno kwa Kiswahili chetu, kwa sauti nene wakisema wazee, nyembamba wakisema wanawake.

Tuliyoipenda kuliko zote ilihusu michezo ya video, vitu ambavyo wengi wetu hatukuwahi kuvigusa. Kaka na dada yake wanavutwa ndani ya mashine ya kuchezea, wanajikuta katika mji wa taa za buluu ambako kila mlango una adui wake, na wana maisha matatu tu. Ukiitazama leo unaona kuta ni karatasi na zimwi ni mtu aliyevaa ndoo kichwani. Wakati ule tulirudi nyumbani tukihesabu maisha yetu. Aliyejikwaa njiani alipoteza moja. Ila mwisho wake hatukuujua. Ilikuwa miaka ya vita, petroli ilikuwa adimu, na kila mara jenereta ilizimika kabla ya mlango wa mwisho.

Alasiri moja, tukiitazama tena, milio ya risasi ilianza juu milimani, kisha ikashuka hadi mtaani. Mfasiri mwenyewe alizima jenereta. "Mulale chini wote. Hakuna wa kutoka." Tulikuwa watoto kumi na wawili chini ya mabenchi. Mdogo wangu wa kike, wa miaka sita, alikuwa ameng'ang'ania sketi yangu. Mmoja alianza kulia, mwingine akamfuata, na hapo tukaisikia sauti ya Mfasiri, ya chini, kutoka sakafuni: "Tulifika wapi? Kwenye mulango wa mwisho." Akatusimulia. Mlango ule ulikuwa unajifunga wenyewe, mmoja lazima aushike ili mwingine apite. Mdogo wangu akauliza, "Sasa kaka yake iko anabaki?" Bomu lilianguka upande wa Kalundu, vumbi likatudondokea kutoka darini. "Hapana," akasema. "Kaka aliona jiwe. Akaliweka pa mulango. Wakapita wote wawili."

Milio ilipopungua, jua likiwa bado juu, alitutoa wawili wawili, tukimbie tumeinama kando ya ukuta hadi kanisani walikokimbilia wazazi wetu. Zamu yetu ilipofika, mdogo wangu aligoma kutangulia mlangoni. "Weye utabaki," aliniambia. Nikamwambia tutapita wote, kama wale wa filamu. Tukapita. Watoto wote kumi na wawili walifika.

Miaka mingi baadaye, nikifanya kazi Bukavu, niliipata filamu ile na kuketi kuitazama mpaka mwisho. Nilingoja jiwe. Jiwe halikuja. Kaka anaushika mlango, dada anapita, mlango unajifunga na majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Nililia, tena kwa hasira. Nilipokwenda Uvira nilimtafuta. Alikuwa amezeeka, na chumba cha video kilikuwa kimegeuka kibanda cha kuchajia simu.

"Papa, ulitudanganya," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. "Minye Kingereza sikukijua hata siku moja, mama. Nilikuwa naangalia sura zao tu. Lakini ule mwisho niliuangalia peke yangu, na niliuelewa vizuri." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Muko kumi na wawili chini ya mabenchi, minye niseme mumoja anabaki? Nani angetoka mule ndani?"

Nimekaa na swali lake tangu siku ile. Siku hizi kila mtu ana filamu zake kwenye simu, tafsiri imeandikwa chini neno kwa neno, naye anazitazama peke yake na waya masikioni. Sitamani hata siku moja ya vita irudi. Ninachokikosa ni mtu anayesimama kando ya kioo akitutazama sisi. Mimi ninakula kwa kazi ya kusema mambo yalivyo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ukishayasema umemaliza. Yeye, ambaye hakujua lugha aliyokuwa akiitafsiri, alijua anasema na nani, na kwamba baada ya maneno yake watu hao watalazimika kuinuka na kukimbia.

Tumemzika Alhamisi. Mdogo wangu alikuja na watoto wake watatu, na tulipokuwa tukiondoka makaburini aliniuliza kama filamu ile inapatikana, apate kuwaonyesha. Yeye hajawahi kuuona mwisho. Nilimwambia inapatikana, ila asiwape simu na kwenda zake jikoni. Akae nao, na ikifika mlango wa mwisho awe karibu vya kutosha kuwashika mkono.