Filamu Iliyomponza Mpishi Wetu

Sisi tuliokulia Malaba enzi za kanda za video hatuhitaji kuelezwa raha ilikuwa nini. Jumamosi ukishachota maji na kufua sare, mbio hadi kibanda cha mabati karibu na foleni ya malori. Ndani joto la kufa mtu, maganda ya njugu miguuni, na utingo waliongoja mizigo ipite forodha wametuziba macho kwa migongo yao mipana. Leo mtoto anatazama filamu amelala kitandani, na bado analalamika kwamba inachelewa kufunguka!

Lakini kuna filamu moja nikiikumbuka damu inanichemka. Ilikuwa ya upelelezi, kuukuu hata wakati ule. Tajiri anakunywa supu, anaanguka, anakufa, na mpelelezi mwenye kofia anaanza kuulizauliza. Lugha yake hatukuielewa. Tulimtegemea mtafsiri, kijana kutoka Tororo aliyeketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwasemea wahusika wote. Kanda ilikuwa imelika mwishoni. Mpelelezi alipoinua kidole amtaje muuaji, picha ikajaa chenga. Kijana hakukubali kuaibika, akaimalizia mwenyewe.

"Bannange! Jamani, ni mpishi! Ile supu, mpishi ndiye aliweka sumu!"

Tukapiga makofi. Mpishi wa filamu alikuwa mrefu na alichechemea. Shuleni kwetu aliyetupikia githeri alikuwa Mzee Etyang, mtu mpole wa Chakol, mrefu, naye alichechemea. Jumatatu nilikuwa wa kwanza kumwaga chakula. Mimi, kwa mkono wangu huu. Nikapaza sauti, "Muuaji!" Foleni nzima ikacheka, ikamwaga. Wiki hiyohiyo mtoto mmoja akaumwa tumbo kwa kula mapera mabichi, na wazazi hawakungoja kuuliza. Mzee akafukuzwa kazi, na maneno yakafika Chakol kabla yake.

Mama alinichapa. "Unamwaga chakula na wenzako wanalala njaa!" Kuhusu mzee hakusema kitu.

Mwezi uliopita niliitafuta filamu hiyo kwenye simu ya binti yangu, nikaipata nzima, na sasa lugha naielewa. Nilikasirika, na hasira haijaisha. Eti filamu! Maiti inapumua, tumbo linapanda na kushuka. Masharubu ya mpelelezi yanabanduka upande mmoja. Wanasema ni usiku wa manane na jua linawaka mpaka wanakunja macho. Mlango ukifungwa, ukuta unatikisika. Na muuaji? Ni binamu wa tajiri anayeingia dakika tano za mwisho, mtu ambaye hatujamwona wala kusikia jina lake! Sasa mpishi alichechemea kwa nini? Ili tumshuku, basi. Walishindwa kutunga kisa, wakatutupia mguu wa mtu. Binti yangu alicheka hadi machozi yakamtoka. Nikamnyang'anya simu.

Nikaenda Chakol. Mzee Etyang siku hizi haoni vizuri, kwa hiyo nilikaa karibu naye nikamsimulia yote, mpaka yule binamu anafungwa pingu. Nikamwambia pia nani alimwaga chakula wa kwanza. Watoto wetu wakitilia shaka kitu wanarudisha nyuma, wanatazama tena, wanabishana. Sisi tuliambiwa mara moja tu, tukaamini, tukatoka tukikimbia. Utamu wa utoto wetu ulikuwa huo, na sasa unanichukiza.

Mzee aligeuza uso upande wangu.

"Kwa hivyo huyo mpishi hakukuwa na makosa."

"Hakuwa na kosa lolote, mzee. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini mama watoto, tangu hiyo siku, hakukula tena chakula nimepika. Mpaka tukamzika."